Kiti Hakijakauka

Paka wa Nerima aliitwa Diwani kwa sababu alionekana nyumbani pale tu alipohitaji kitu. Alijiingiza Kaloleni msimu ule panya walipohamia darini na jamaa zao wote, akawashughulikia vizuri kwa muda, kisha akaona ametumikia wananchi vya kutosha, akastaafu. Patrobas Kweyu, mume wa Nerima, naye alikuwa amestaafu kutoka shirika la reli, na hakupenda kuona wastaafu wawili wakigombea nyumba moja. Hasa waligombea kiti.

Kilikuwa kiti kikubwa cha mtu mmoja, cha kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, na mikono ya mbao iliyochongwa maua. Fundi wa kando ya barabara ya Jogoo alitengeneza seti nzima, lakini makochi mengine yalikuwa makochi tu. Hiki kilikuwa kiti cha Patrobas. Hata mchungaji akija alielekezwa kwenye kochi.

Diwani hakuwa na heshima hizo. Siku moja ya Julai, mawingu yakiwa yamekaa juu ya Nairobi kama yaliyolipiwa, Patrobas aliketi kusikiliza taarifa ya habari, akavuta hewa, akamwita mkewe kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

"Mama Mideva! Kuna nini kwenye kiti changu?"

Nerima aliinama kunusa. Hakuhitaji kuinama sana.

"Ni paka, Baba Mideva. Amekojoa."

"Kwenye kiti changu?"

"Na pale pembeni, sakafuni. Na kwenye mguu wa meza ya redio."

Ingekuwa wiki nyingine, jambo hilo lingeisha kwa kumtupia Diwani kandambili. Lakini Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja. Mideva, binti yao, alikuwa amempata Omolo, kijana mpole wa Kijaluo aliyeishi naye ploti moja ya vyumba vya kupanga kule Tassia, na jamaa za Omolo walikuwa wameomba kuja kuzungumza mambo ya ng'ombe wa mahari. Kwa haki mazungumzo hayo yangefanyika Butere, nyumbani kwa ukoo, lakini magoti ya Patrobas yalikuwa yamekataa safari, na isitoshe alizaliwa hapo hapo Kaloleni, katika nyumba hiyo hiyo ya kupanga ya jiji aliyoachiwa na baba yake.

Nerima alikuwa amemngojea mkwe huyu kwa muda mrefu. Mideva alikuwa amefika umri ambao kina mama wa kanisani huacha kuuliza habari zako na kuanza kukuombea. Alichotaka Nerima kilikuwa kimoja tu: wageni waingie, wale, waongee, watoke wakisema kwamba nyumba ya Kweyu ni nyumba ya heshima. Nyumba inayonuka mkojo haiwezi kusemwa hivyo, hata na mtu mwenye shibe.

Alianza na sakafu. Simiti nyekundu ya Kaloleni imezoea mateso. Aliipiga deki kwa maji ya moto na sabuni ya unga, akaisugua kwa brashi mpaka mgongo ukalia, akaipaka nta, akaing'arisha kwa kipande cha blanketi. Iling'aa. Harufu ikatulia kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, halafu ikapanda tena, sasa ikiwa harufu ya mkojo uliopakwa nta.

Jirani yake Kaluki, mjane wa nyumba ya pili ambaye hakuna shida ya mtu iliyompita bila ushauri, alikuja kunusa.

"Mwaga ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe," alisema. "Hiyo inaua kila kitu. Hata mapepo hayapendi."

Nerima alimwaga chupa nzima pale pembeni. Wote wawili walikimbilia nje wakikohoa, macho yakiwatiririka. Waliporudi walimkuta Diwani amesimama palepale, mkia juu, unatetemeka.

Kaluki alimtazama kwa makini.

"Anaongeza," alisema.

Kiti kilipata tabu zake pia. Kilipanguswa kwa mafuta ya taa, na kutwa nzima Patrobas akamkataza mtu yeyote kuwasha kiberiti sebuleni. Kiliwekewa karai la makaa chini yake ili yanyonye harufu. Makaa hayakunyonya kitu. Kisha Kaluki akaleta udi aliopewa na dada yake wa Mombasa, wakakifukiza mpaka moshi ukatokea dirishani. Sebule ikanuka kama arusi iliyofanyiwa chooni.

Mwishowe Nerima akampigia Mideva simu. Hakutaka kumtia binti wasiwasi katika wiki kama ile, lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Mama, wacha hizo dawa zote," Mideva alisema. Alikuwa kazini na alinong'ona. "Hiyo ya nguo ndiyo inamrudisha, anadhani kuna paka mwingine amekam hapo. Chukua siki na maji, nusu kwa nusu. Mwaga mob, iingie mpaka ndani ya sponji, sababu mkojo wenyewe umefika huko. Ikishaingia, nyunyiza ile magadi ya kuweka kwa mandazi. Halafu uanike kwa jua mpaka ikauke. Ikauke kabisa, Mama. Ikibaki na maji, mtu akikaa, lile joto lake linaamsha harufu yote."

Nerima alifanya alivyoambiwa, kwanza sakafuni, kisha kwenye mguu wa meza. Jioni alipiga magoti, akanusa. Palikuwa na harufu ya kachumbari tu, tena kwa mbali. Alifurahi mpaka akamwita Kaluki aje naye anuse, na wanawake wawili wazima wakakaa pale wameinamia pembe ya nyumba, wakipumua kwa raha.

Kiti kilihitaji siki nyingi zaidi. Kilikunywa chupa baada ya chupa bila kushukuru. Alhamisi asubuhi yeye na Kaluki wakakibeba, kizito kama maiti, wakakitua juu ya mawe mbele ya nyumba, karibu na ua wa michongoma. Nerima alitazama juu. Jua halikuwepo. Lakini kulikuwa na upepo kidogo, na aliamua kwamba upepo utatosha kama utaachiwa nafasi.

Haukuachiwa. Hapa Kaloleni kiti kikiwa nje si kiti tena, ni habari. Watu wa mtaa huu wamewahi kuona vitu vikitolewa nje, na kila mara sababu imekuwa moja: kodi. Kabla ya saa sita wapita njia walikuwa wameanza kupunguza sauti wakifika pale kwa Kweyu. Mzee Kilonzo, aliyeshika funguo za ukumbi wa mtaa, alimpata Patrobas akisoma gazeti nje ya ukumbi, akamshika bega, akamwambia kwamba stoo iko wazi, alete vitu vyake vyote, visije vikanyeshewa.

"Vitu gani?" Patrobas aliuliza.

"Wewe lete tu," Kilonzo alisema.

Ijumaa mchana wakaja kina mama wa kanisa. Walileta unga, sukari na kopo la mafuta ya kupikia, wakasimama langoni wakaimba ubeti mmoja wa tenzi, ule wa taratibu. Patrobas alitoka kwa ghadhabu.

"Mama zangu, hicho kiti kinakauka. Kilioshwa. Hakuna mtu aliyefukuzwa hapa."

"Tunajua, baba," mkubwa wao alisema, macho yamemjaa huruma. "Kila mtu huanika."

Walipoondoka, Patrobas aliushika mkono mmoja wa kiti akaanza kukikokota mwenyewe.

"Kinaingia ndani sasa hivi."

"Hakijakauka," Nerima alisema.

"Kitakaukia ndani."

"Ndani hakuna jua."

"Hata nje hakuna!"

Hapo alisema kweli, na Nerima alichukia sana kwamba alisema kweli. Walikiingiza. Alipokibonyeza kwa kiganja, maji yalimpanda katikati ya vidole. Akakitandika vitambaa vyake vyeupe vya kufuma, akaweka redio juu yake, na pembeni ya redio akapanga vitabu vya nyimbo, ili yeyote mwenye macho aone kwamba leo hiki si kiti bali meza.

"Mgeni asiketi hapa," alimwambia mumewe.

"Mm," Patrobas alisema. Ilikuwa "mm" ya mtu anayepanga hotuba yake kichwani.

Wageni walifika Jumamosi, wanaume watano, Omolo akiwemo, na shangazi mmoja. Nerima aliwasalimu kutoka mlango wa jikoni, macho chini, bila kuwapa mkono, kwa kuwa alilelewa hivyo: wazazi wa mke na wazazi wa mume huogopana, na kuogopana huko ndiko heshima yenyewe. Hata hivyo aliwaona vizuri. Babake Omolo, Mzee Sylvance Owiti, alikuwa mrefu, amevaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikaweza kukata mkate. Alitembea polepole akishikilia fimbo. Nyuma yake kabisa, karibu kama askari na mahabusu, alikuja Ondiek, mwanawe wa kwanza.

Mideva alikuwa amemsimulia Nerima habari za mzee huyu. Mwanzoni mwa mwaka alipasuliwa tezi dume, na tangu hapo aliishi mtaa wa Tena, kwa Ondiek. Mambo yake ya haja ndogo hayakuwa yametengemaa. Ondiek alimsihi abaki nyumbani, mjomba aje kuzungumza badala yake, isije ikatokea aibu mbele ya wakwe. Mzee alijibu kwamba hakuna mtu atakayemwombea mwanawe mke na hali baba yuko hai. Walizozana juma zima.

Kwa hiyo wageni wakaingia, na Mzee Owiti akajisogeza kuelekea mwisho wa kochi refu, pale panapobonyea. Patrobas aliliona hilo akashtuka. Mkwe mkubwa, mwenye miguu mirefu vile, aketi chini kuliko wajomba? Aliinuka, akaibeba redio, akabeba vitabu vya nyimbo, akaviweka vyote sakafuni.

"Hapana, mkwe," alisema. "Wewe utaketi kwenye kiti changu."

Lilikuwa jambo la ukarimu kuliko yote aliyowahi kuyafanya maishani mwake. Nerima, akiwa jikoni na mwiko mkononi, aliliona likitendeka kupitia upenyo wa pazia. Mzee akashukuru, akaketi. Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya. Kumwambia mkwe ainuke alipokwisha kuketi ni kumwambia aende kwao.

Mazungumzo yakaanza. Hotuba ya Patrobas ilipitia reli, kuanzia kwa baba yake, na ilikuwa ingali njiani wakati joto la Mzee Owiti lilipofika ndani ya sponji. Jikoni harufu haikufika, lakini Nerima alijua. Alimwona mjomba mmoja akipangusa pua bila kuwa na mafua. Alimwona shangazi akifungua kitambaa cha mkono na kujipepea, katika baridi ile ya Julai. Patrobas akazidisha sauti, kana kwamba harufu ni kelele.

Mzee Owiti naye alikuwa akitikisa kichwa kufuatilia hotuba, sasa aliacha. Alijisogeza kidogo upande mmoja, akarudi, akachukua kofia yake akaiweka mapajani, akaishikilia kwa mikono miwili. Walipomuuliza neno kuhusu ng'ombe, alisema Ondiek ajibu. Mtu aliyezozana juma zima ili aseme mwenyewe.

Chakula kikawa tayari. Patrobas akaomba watu wasimame wabariki, wakasimama. Mjomba mmoja akaomba kwa ufupi, na baada ya amina Mzee Owiti akageuka kuelekea alikokuwa Omolo ameshika birika na beseni la kunawia.

Suti ya kijivu huficha vitu vingi, lakini maji hayamo. Nyuma ya suruali kulikuwa na doa jeusi kubwa, kutoka kiunoni mpaka nusu ya mapaja. Ondiek alivua koti lake upesi, akamfunga babake kiunoni kwa mikono ya koti, mbele ya watu wote, kama anavyofungwa mtoto.

"Mzee, twende," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuambia."

Mzee akapeleka mkono nyuma, chini ya koti, akagusa. Uso ukamshuka. Nerima alikuwa amewahi kuona watu wakipewa habari za msiba, na hakuwahi kuona uso ukishuka namna ile.

"Nimekuharibia kiti, mkwe," Mzee Owiti alimwambia Patrobas. "Sikusikia. Wallahi sikusikia hata kidogo. Nisamehe."

Patrobas akakitazama kiti, akamtazama mzee. Na Nerima, aliyekuwa mlangoni na sinia la ugali, akamwona mumewe akipata nafuu. Ilimpitia usoni wazi kabisa.

"Usijali, mkwe," Patrobas alisema kwa upole mwingi. "Ni mambo ya umri. Hata sisi tunaelekea huko huko."

Nerima alikuwa amemsamehe mtu huyu mambo mengi, na mengine aliyasamehe kabla hajaombwa. Hili hakuweza kulisamehe. Juma zima aliomba tu harufu ile isiwe ya nyumba yake, na sasa haikuwa ya nyumba yake. Amekuja mgeni kutoka Tena ameichukua yote, ataibeba mpaka kwao, na atakufa nayo. Kilichobaki kwake ni kuweka sinia mezani. Aliona aibu, kisha hasira ikampanda, na hasira ndiyo iliyofungua mdomo.

"Si mzee," alisema. "Ni paka."

Watu wakamgeukia.

"Ni paka wetu. Alikojoa kwenye hicho kiti, nikakiosha, na hakijakauka."

Ondiek akainamisha kichwa.

"Asante sana, mama," alisema. "Tumeiona heshima yako."

"Si heshima. Ni paka. Anaitwa Diwani."

Mjomba mmoja akaguna kwa kusifu. "Hata jina amempa," alimnong'oneza mwenzake. Shangazi akapangusa machozi. Katika ukoo wao wote, alisema baadaye, hajapata kukutana na mama mkwe mwenye moyo kama ule.

"Baba Mideva," Nerima alisema, "waambie."

Patrobas alikuwa anachunguza dari.

Mzee Owiti alikuwa tayari amechukua fimbo yake. Alimwinamia Nerima kidogo, kwa shukrani, na katika shukrani hiyo Nerima aliona kwamba hakuamini hata neno moja. Anashukuru kwa kudanganywa vizuri. Mtu huyu angetoka pale mlangoni, na asingetoka tena nje ya nyumba ya Ondiek maishani mwake.

Basi Nerima akaweka sinia chini, juu ya vitabu vya nyimbo. Akapita katikati ya wakwe, jambo lisilofanywa. Akafika kwenye kiti ambacho mkwe alikuwa ametoka kukikalia, kingali na joto lake, jambo lisilofanywa kabisa, akaketi. Aliketi kwa uzito wake wote, na Mungu hakumnyima uzito. Alikuwa amevaa gauni jipya la kitenge cha manjano alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo. Maji yalipanda, baridi, yakapita gauni, yakapita shimizi. Alijisukuma nyuma ili yasibaki mahali pakavu. Watu walimtazama midomo wazi. Patrobas akasema "Mama Mideva!"

Kisha akainuka, akawapa wakwe mgongo. Kwao alikozaliwa, mama hata akitoka chumbani hutoka kinyumenyume ili mkwe asimwone mgongo, sembuse na upande ule. Alisimama hivyo, uso ukimwaka moto, akitazama picha ya arusi yake ukutani, na kusikia maji yakimshuka miguuni.

"Tazameni," alisema. "Je, na mimi ni mambo ya umri?"

Nyuma yake alisikia fimbo ikigusa sakafu. Alipogeuka, Mzee Owiti alikuwa ameufungua ule mkono wake uliogusa suruali, anautazama. Akauleta puani. Alinusa polepole, kama mtu anayeonja ugoro.

"Paka," alisema.

Akanusa tena, na kitu kikaanza kumrudi usoni, kikipanda kutoka kidevuni.

"Dume," akaongeza. "Huyu ni paka dume. Mama yangu alikuwa nao watatu."

"Mzee," Ondiek alisema, "kwa vyovyote vile umelowa. Twende tu ubadilishe, tutarudi siku nyingine."

Mzee Owiti alilifungua lile koti kiunoni, fundo la kwanza, fundo la pili, akalikunja, akamrudishia mwanawe.

"Vaa koti lako," alimwambia. "Kuna baridi."

Halafu akageuka, akajipanga na fimbo yake, akaketi tena palepale. Kiti kikatoa sauti ya maji. Aliweka mikono yake juu ya ile mbao ya maua, akanyoosha miguu yake mirefu, akamwambia Patrobas kwamba huko nyuma kuna mtu alimjibia swali la ng'ombe, na kwamba jibu lile hakulikubali. Hakuinuka mpaka ng'ombe wote walipokwisha kutajwa, mmoja mmoja, kwa rangi zao.